Jinsi nilivyoikwamua makala yangu mikononi mwa jarida

Makala niliituma mwezi wa pili. Hadi mwezi wa kumi na moja, ukurasa wa jarida ulikuwa bado unaniambia kitu kilekile: iko kwa mhariri. Nilikuwa naufungua kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Maneno hayakubadilika, ila pembeni yake palikuwa na tarehe, na tarehe ile mara mojamoja ilisogea. Ikisogea, siku hiyo nilifanya kazi kwa moyo.

Pa kukimbilia sikuwa napo. Kupeleka andiko moja kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ni kuvunja maadili ya uchapishaji, na shahada yangu ya uzamivu ilikuwa inasubiri makala hiyo hiyo. Barua pepe nilishaandika mbili, zote za kuuliza imefikia wapi. Zote zilijibiwa vilevile: wahakiki (wataalamu wa kuisoma na kuipima makala kabla haijachapishwa) wanatafutwa, tunaomba uvumilivu.

Mwenzangu aliyewahi kuwa mhariri ndiye aliyenifumbua macho. Akaniambia niulize yanayojibika: wamealikwa wangapi, wamekubali wangapi, na mimi nisaidie wapi. Nikaandika mistari sita, namba ya andiko ikiwa kwenye kichwa cha barua. Siku mbili baadaye mhariri akajibu mwenyewe. Watu tisa walikuwa wamealikwa. Wanane walikataa au walikaa kimya, na mmoja alikubali kisha akapotea. Kumbe kila tarehe iliposogea nikafurahi, kuna mtu alikuwa amekataa.

Hasira yangu kwa mhariri iliisha palepale. Wahakiki hawalipwi, na yeye alikuwa akiwabembeleza mmoja mmoja baada ya saa zake za kufundisha.

Ila jambo moja katika barua yake lilinichoma. Anayealikwa huletewa tu kichwa cha makala na ikisiri, yaani muhtasari wake mfupi. Makala yenyewe huiona akishakubali. Nikairudia ikisiri yangu kama mtu baki. Sentensi nne za mwanzo zilieleza historia ya taaluma, ambayo kila mhakiki anaijua. Matokeo, yaani kile nilichokihangaikia miaka mitatu, yalikuwa yamebanwa kwenye sentensi ya mwisho. Nani angeacha kazi zake kwa ajili ya hiyo? Nikaomba ruhusa, nikaiandika upya: swali kwanza, kisha matokeo, kisha njia niliyoyapatia.

Nikaambatisha majina matano ya watu ambao sijawahi kuandika wala kufanya kazi nao, kila jina na mstari mmoja wa kueleza anafaa kwa lipi. Vigogo niliwaruka, maana wao mialiko imewaelemea. Nilichagua waliomaliza uzamivu karibuni.

Nilipohakikisha kanuni za jarida zinaruhusu, nikaweka pia toleo la awali kwenye hazina ya wazi mtandaoni, kama wanafizikia wanavyofanya kwenye hazina iitwayo arXiv tangu 1991. Likapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kulitambulisha, na tarehe yake. Hofu ya kutanguliwa na mwingine, iliyokuwa ikininyima usingizi, ikatulia.

Ndani ya wiki tatu wawili walikubali. Mmoja alinitaka nirudie uchambuzi wote, na alikuwa na haki. Ulinichukua miezi miwili.

Siku hizi mwaliko wa kuhakiki ukinifikia nami sina nafasi, nakataa siku ileile na kumtajia mhariri majina mawili ya wanaoweza.