Kisoma komenti changu, wiki ya tatu: `?>` inapenya

Jumanne usiku. Kwa waliochelewa kujiunga: naandika programu ndogo inayopitia faili za PHP (lugha ya kuandikia tovuti) herufi kwa herufi na kukusanya komenti zote, yaani maelezo ya waandishi ambayo PHP huyaruka. Inanihusu kwa sababu nimerithi mfumo wa karo uliopita mikononi mwa watu wengi, na komenti zao ndiyo ramani pekee niliyoachiwa. Mpaka wiki iliyopita kisomaji kilijua hali nne: nje ya PHP, ndani yake, ndani ya stringi (maandishi yaliyo kati ya alama za nukuu), ndani ya komenti. Komenti inayoanza na `//` nilikuwa naifunga mwisho wa mstari, basi.

Kumbe hapo ndipo nilipokosea. Faili ya risiti ilikuwa na mstari huu, tena ukifanya kazi vizuri:

`$safi = preg_replace('/<b.*?>/', '', $maelezo);`

Nikautia `//` mbele ili niuzime kidogo. Kufungua ukurasa, nakuta `/', '', $maelezo);` imetokea kwenye kivinjari, ikifuatwa na msimbo wote uliobaki wa faili ile. Ujumbe wa kosa, hakuna. Nilishtuka kweli, kwa sababu mistari michache chini yake palikuwa na nywila ya hifadhidata. Bahati nzuri ilikuwa kwenye kompyuta yangu tu.

Komenti ya `//` au ya `#` katika PHP huishia mwisho wa mstari au penye `?>`, alama ya kufunga sehemu ya PHP, kutegemea kipi kimetangulia. PHP imezoea kukaa katikati ya HTML (lugha ya kurasa za wavuti), kwa hiyo ukiandika `<?php // jina ?>` kinachofuata kwenye mstari uleule lazima kirudi kuwa HTML. Ndani ya stringi `?>` haina nguvu yoyote. Lakini ukishaweka `//`, alama za nukuu hazihesabiwi tena, na ile `?>` iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya ruwaza (mpangilio wa herufi ambao `preg_replace` huutafuta) inabaki wazi.

Jumatano. Nimeulinganisha mstari huo na `PhpToken::tokenize`, njia ya PHP yenyewe ya kukata msimbo vipande vipande, iliyokuja na PHP 8.0. Imeukata vilevile: `T_COMMENT` (komenti) mpaka kwenye `.*`, kisha `T_CLOSE_TAG` (alama ya kufunga), halafu `T_INLINE_HTML` (HTML) mpaka mwisho. Nimerekebisha kisomaji changu, sasa kinakata hapohapo.

Nilidhani nitakimbilia `/* */`, maana yenyewe haijali `?>`. Nayo ina mtego wake: ruwaza kama `'/namba.*/'` inabeba `*/` tumboni, na komenti inafungwa kabla ya wakati. Nimeamua ruwaza zangu za tagi niziandike `/<b[^>]*>/`, ambayo haina `?>` wala `*/`. Na mstari nisiouhitaji naufuta kabisa. Git, programu ya kuhifadhi matoleo ya msimbo, inanitunzia nakala.

Jumamosi. Dogo tu: kuanzia PHP 8.0, `#[` si komenti tena, ni mwanzo wa atributi, maelezo kuhusu msimbo ambayo programu yenyewe inaweza kuyasoma. Nimeongeza sharti la kuangalia herufi inayofuata `#`.

Kazi iliyobaki ni heredoc, stringi ndefu inayofungwa kwa neno badala ya alama ya nukuu. Mle ndani `//`, `#` na `?>` zote ni maandishi ya kawaida mpaka neno la kufungia litokee, na tangu PHP 7.3 neno hilo linaweza kusogezwa ndani kwa nafasi. Kisomaji changu bado kinalitafuta mwanzoni mwa mstari tu.