Jinsi Nilivyoikamata Hitilafu ya Siku 49 kwa Dakika Tano

Ninafanya kazi ya udhibiti wa ubora katika kampuni ndogo ya Nairobi inayotengeneza rauta za biashara zenye matawi. Bodi zenyewe huundwa Shenzhen, lakini programu inayoziendesha huandikwa hapa kwetu, na hakuna rauta inayotiwa kwenye katoni kabla meza yetu haijaiidhinisha. Ninaandika haya kwa sababu ushauri niliokuwa nikipewa na kila mtu, wakiwemo walionizidi uzoefu, ulikuwa mmoja tu: iwashe rauta kwa saa 72, ipe kazi nzito, na isipozima, iuze. Ushauri huo ulitupotezea wateja, na ningependa anayeanza kazi hii leo asiukubali.

Malalamiko yaliyonikosesha usingizi yalitoka kwenye shamba la maua Naivasha. Taa zote za rauta zilikuwa za kijani na intaneti ilipatikana, lakini VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya kuunganisha shamba na ofisi kuu ilikuwa imekufa kimya. Waliopokea simu upande wetu walimwambia fundi wa shamba azime na kuwasha, kila kitu kikarudi sawa, na faili ikafungwa. Wiki saba hivi baadaye akapiga simu tena kwa tatizo lile lile.

Kabla ya kugusa kifaa chochote nilikusanya malalamiko yote yaliyofanana na hayo nikayapanga kwa mahali. Wateja wa maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara hawakuwa wamelalamika hata mara moja, ilhali waliolalamika ni wale wenye umeme wa uhakika. Nilipomuuliza fundi wa Naivasha kuhusu umeme alinijibu, "Mhandisi, stima hapa hupotea kama kwingine, lakini rauta haijui. Iko kwa UPS, na nyuma yake kuna jenereta ya vyumba vya baridi." Maneno hayo, rauta haijui, yalinisaidia kuliko kipimo chochote cha maabara: UPS ni betri ya akiba, kwa hiyo rauta yake haikuzimika umeme ulipokatika. Nilimsihi kwamba siku itakapokwama tena asiizime kabla ya kunitumia kumbukumbu zake. Alipozituma, mstari wa mwisho wa VPN ulikuwa umeandikwa rauta ikiwa imewaka siku 49, saa 17 na dakika 2.

Anayeijua kazi hii ataitambua namba hiyo mara moja. Saa ya ndani ya programu yetu ilihesabu milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) katika namba ya biti 32, na namba hiyo ikifika 4,294,967,296 hujaa na kurudi sifuri. Kiasi hicho cha milisekunde ni siku 49, saa 17, dakika 2 na sekunde 47.

Mkuu wa maabara, mzee wetu, hakukubali. Alitaka tusubiri tuone kwa macho, kwa hiyo rauta kadhaa zikapangwa kwenye rafu, zikawashwa na kuachwa. Umeme ukakatika usiku mmoja, betri zikaisha kabla ya alfajiri, na hesabu yote ikaanza upya. Tukaongeza betri, safari hii mtu akachomoa plagi ili achaji simu yake. Zilipofika siku hiyo hatimaye, nyingi zilipita bila tatizo lolote, na mzee akahitimisha kwamba kosa liko kwenye mtandao wa mteja.

Mimi niliona kupita huko kuwa ndiyo habari yenyewe, nikarudi kuusoma msimbo. Programu yetu huamka kila sekunde 10 na kuuliza kama saa ya sasa imepita muda uliopangwa wa kuhuisha VPN. Chukua muda uliopangwa kuwa 4,294,960,000. Kutoka hapo hadi hesabu kujaa ni sekunde 7 na kidogo tu, kwa hiyo programu inaweza kuamka saa ikiwa tayari imerudi na kusoma 2,704. Inalinganisha 2,704 na bilioni nne, inaona bado mapema mno, na inaendelea kusubiri kwa siku nyingine 49. Ikiamka sekunde chache kabla, inapita salama. Ndiyo sababu rauta mbili za aina moja, zilizowashwa siku moja, zingeweza kutofautiana.

Ujanja niliotumia sikuubuni mimi. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux huanzisha hesabu yake ya ndani ikiwa imebakiza dakika 5 ijae, ili hitilafu ya aina hii ijitokeze mbele ya mwandishi wake na si kwa mtumiaji. Nilifanya vivyo hivyo katika programu yetu: saa ianze na 4,294,667,296 badala ya sifuri. Kisha nikaunganisha soketi za rauta na relei (swichi ya umeme) inayoendeshwa na kompyuta, vifaa vilivyogharimu takriban bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, na kila rauta ilipowashwa upya nikaisogeza saa ya kuanzia kwa sekunde moja, ili nipite kila nafasi ndani ya zile sekunde 10. Niliiacha ifanye kazi usiku. Asubuhi orodha ya rauta zilizokwama ilikuwa kwenye meza ya mzee, na alipoisoma alikwenda mwenyewe kuwaita waandishi wa programu.

Tiba yake ilikuwa mstari mmoja: usilinganishe saa mbili moja kwa moja, toa moja katika nyingine kisha tazama kama jibu ni chanya au hasi. Katika mfano wangu, 2,704 ukitoa 4,294,960,000 ndani ya biti 32, ambako hesabu ikishuka chini ya sifuri huzunguka na kurudi juu, unapata 10,000, yaani sekunde 10 kamili, na VPN inahuishwa.

Vipimo vya kasi havingeionyesha hitilafu hii kamwe. RFC 2544 ya mwaka 1999, mwongozo wa kupima vifaa vya mtandao ambao wengi wetu tunaufuata, inataka jaribio la kasi liende kwa angalau sekunde 60, na ni kipimo kizuri. Lakini sekunde 60 hazisemi lolote kuhusu wiki ya saba.

Sasa kila hesabu iliyomo kwenye rauta zetu huanzishwa karibu na kujaa kabla toleo jipya halijatoka, ikiwemo saa ya SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao kutoka mbali), ambayo huhesabu sehemu za mia za sekunde na hujaa baada ya siku 497. Hesabu za baiti zinazopita kwenye kila poti tumezihamishia biti 64 kabisa, kwa sababu kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde ile ya biti 32 hujaa katika sekunde 34, na mteja anayeisoma kila baada ya dakika tano anapata takwimu za uongo bila kujua. Shamba la Naivasha bado linatumia rauta zetu, na fundi wake huwa wa kwanza kupokea kila toleo la majaribio.