Chupa ya jogoo mweusi

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukipanga kabati la mamangu, Mungu amrehemu, tukitenga vyombo vya kwenda kwa shangazi na vya kubaki. Nyuma kabisa, kwenye rafu ya chini, binti yangu akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti la manjano lenye lugha asiyoijua. Akalifungua. Ilikuwa chupa ya kijani, nene, tupu, na shingoni pana duara lenye jogoo mweusi. Binti huyu ana miaka 11 na husoma kila chenye herufi. Akasoma karatasi ya chupa, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mamake asisikie: "Baba, kwani ulikuwa ukinywa?"

Nikamwambia la. Akaendelea kunitazama, maana la peke yake haikuelezea chupa ya mvinyo kuwa ndani ya kabati la nyanyake. Nami sikuweza kumjibu zaidi papo hapo. Nilidhani chupa ile ilitupwa zamani.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 2014, mkataba wangu wa tatu wa uweta kwenye meli ya watalii, mwezi wa saba bila kurudi nyumbani. Meli ilifunga gati Livorno, bandari ya Italia, alfajiri. Sikuwa na zamu ya mchana, na wale wa ofisi ya matembezi walikuwa wakitafuta mfanyakazi wa kusindikiza basi la wageni. Kazi yenyewe ni nyepesi: unabeba kibango chenye namba, unakaa kiti cha nyuma, unahesabu watu wakishuka na wakipanda. Malipo yake ni kwamba unaiona nchi. Mimi Italia nilikuwa nimeiona kupitia madirisha ya chumba cha kulia, sahani zikiwa mkononi.

Livorno niliijua kwa jambo moja tu. Wiki mbili kabla, nikizunguka kutafuta mtandao nipige simu nyumbani, nilifika karibu na bandari ya zamani penye sanamu wanayoiita Quattro Mori, yaani Wamori Wanne. Juu amesimama mtawala, Ferdinando wa Kwanza wa ukoo wa Medici, wa marumaru nyeupe. Chini yake, kwenye pembe nne, wako wanaume wanne wa shaba nyeusi, vifua wazi, mikono imefungwa nyuma kwa minyororo. Fundi Pietro Tacca aliwamaliza mwaka 1626. Ni mateka wa vita vya baharini. Enzi zile bandari hiyo ilijaa watumwa, Waislamu wengi, waliopigishwa makasia kwenye merikebu za vita. Mmoja wa wale wanne ana nywele kama zangu na pua kama yangu. Nilimzunguka mara mbili. Watu walikuwa wakipiga picha, lakini mimi simu yangu niliirudisha mfukoni na sikupiga hata nyumbani siku ile.

Basi letu lilikuwa na wageni 38. Tulishika njia ya Firenze, kisha tukakata kuingia bara, milimani, kwenye nchi ya Chianti, yenye mvinyo wa jina hilo hilo. Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti ya ukali na moyo mwema, alitueleza kwamba mwaka 1716 Cosimo wa Tatu, mtawala wa ukoo ule ule wa Medici, alitoa amri ya kuweka mipaka ya mashamba yanayoruhusiwa kutumia jina hilo. Akasema mvinyo wa Chianti Classico sharti angalau asilimia 80 yake itokane na zabibu aina ya Sangiovese. Wageni waliandika. Mimi nilishika hadithi ya jogoo.

Wanasema Firenze na Siena zilipigania ardhi hiyo hata zikachoka, zikakubaliana kila mji umtoe mpanda farasi mmoja, waondoke jogoo atakapowika, na pale watakapokutana ndipo pawe mpaka. Watu wa Siena wakachagua jogoo mweupe, wakamlisha vizuri. Watu wa Firenze wakamchukua mweusi, wakamfungia gizani na kumnyima chakula. Siku ilipofika, yule mwenye njaa aliwika usiku ungali mzito, mtu wake akatoka mapema, akakutana na mwenzake karibu kabisa na Siena. Ndiyo maana jogoo mweusi yuko kwenye chupa. Wageni walicheka. Mimi kule nyuma niliwaza vijana wa mtaani kwetu waliotoka na mabegi yao saa tisa za usiku kwenda uwanja wa ndege, nami nikiwa mmojawao.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, nyumba ya mawe, mizabibu imeshavunwa na majani yamegeuka rangi ya kutu. Chini ya mizeituni walikuwa wametandaza nyavu, watu wako juu ya ngazi wakichuma. Tukateremshwa pishini, tukaonyeshwa mapipa, tukanusishwa. Kisha wageni wakaketishwa kwenye meza moja ndefu ndani ya ghala la zamani, sahani zikaanza kuja: nyama za nguruwe zilizokaushwa, jibini la kondoo, zeituni, na mvinyo wa aina tatu.

Mimi nilisimama ukutani, mikono nyuma. Hakuna aliyeniambia nisimame, nilizoea tu. Sahani za kwanza zilipokwisha, miguu ilikwenda yenyewe. Nikapanga sahani sita juu ya mkono wa kushoto, nikasukuma mlango wa jikoni kwa bega.

Ndani alikuwamo bibi kizee mmoja, mfupi, leso kichwani, akichoma mkate kwenye makaa ya meko. Akaziangalia sahani. Akaniangalia mimi, na kibati cha jina langu kifuani. Halafu akaja akanipokonya zile sahani, moja moja, mpaka mkono wangu ukawa mtupu. "Siediti," akasema, yaani keti, na kwa mguu wake akanivutia kiti.

Nikaketi ukingoni. Akanisogezea ubao wenye nyama. Nikaweka kiganja kifuani, nikatikisa kichwa. Akagusa chupa. Nikatikisa tena. Akasimama akinitazama, kisu mkononi, kisha akauliza neno moja: "Musulmano?"

Nilichelewa kujibu. Wale wanne wa shaba walinijia. Mwishowe nikaitikia kwa kichwa.

Hakusema kitu. Kisu kile akakitia karoni. Ubao ule akauondoa, akauweka mbali, juu ya dirisha. Akafungua maji, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtu anayetia udhu. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kisu kingine chenye mpini wa mti. Akafungua kabati, akatoa ubao mwingine, na kabla ya kuuweka mezani akauinua puani akaunusa. Akaugeuza, akaunusa na upande wa pili. Aliporidhika ndipo akaukata mkate.

Vipande viwili akaviweka juu ya makaa, akawa anavigeuza kwa vidole. Vilipopata mistari myeusi akachukua tembe ya kitunguu thomu, akaisugua juu yake. Mkate uliochomwa ule ukaila ile tembe kama mbuzi alavyo nazi, mpaka kikabaki kiganda tu kati ya vidole vyake. Kisha akamimina mafuta kutoka kwenye jagi la udongo. Sijapata kuona mafuta ya rangi ile, kijani kama chipukizi la mwarobaini, mazito, yakitanda polepole na kuingia kwenye matundu ya mkate. Chumvi kidogo kwa ncha za vidole. Akanipa mkononi, si kwenye sahani.

Mkate wa kule hautiwi chumvi, na wa kwanza kugusa ulimi ni huo ububu wake. Kisha yakaja mafuta, na harufu ya majani mabichi, na baadaye kooni pakawaka kama pilipili. Nikakohoa hata machozi. Bibi akapiga makofi kwa furaha. "Pizzica!" akasema, yaani yanawasha, akijigusa koo. Mjukuu wake aliyekuwa akipita na chupa akasimama mlangoni kunieleza kwa Kiingereza: yamekamuliwa juzi tu, ni ya mwanzo mwaka huu, na yakikukohoza hivyo ujue ni mazuri. Mimi nilikuwa nikifikiria kasimile, lile tui la mwanzo ambalo mamangu hakukubali lichanganywe na maji, na ambalo akikukuta umelionja atakugombeza kisha atakupa jingine.

Nilikula vipande vitano. Akaniletea maharagwe meupe yaliyopikwa kwa majani yenye harufu, nayo akayatia mafuta yale yale. Muda wote huo mwenye nyumba alikuwa amesimama, na weta ameketi. Kwa miezi saba hakuna aliyenivutia kiti. Sijui niseme nini kuhusu hilo zaidi ya kwamba mgongo wangu ulikuwa haujui pa kuegemea.

"Mamma?" akaniuliza. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. Akafuta mikono kabla ya kuishika. Akatazama sana, akasema maneno mengi, na mjukuu akanifupishia: "Anasema mama yako hapendi kupigwa picha." Ni kweli kabisa. Ile picha nilimuibia.

Wakati wa kuondoka aliokota chupa moja tupu kati ya zile za wageni. Akaisuuza kwa maji ya moto mara tatu, akaipindua karibu na meko ikauke, akaijaza mafuta kwa mrija wa bati, akaiziba, akaifunga kwa gazeti. "Per la mamma," akasema, yaani ya mama. Nikasema grazie. Nikatoka mbio, maana basi lilikuwa likipiga honi na aliyetakiwa kuhesabu watu ni mimi.

Langoni pa meli afisa wa zamu aliifungua chupa, akainusa, akaniachia nipite. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa koti jeupe.

Nilifika nyumbani Desemba. Mama alipoona jogoo na ile karatasi ya mvinyo akaurudisha mkono, hakuigusa. Nikamhadithia nikiwa nimeketi naye mkekani. Nilipofika kwenye ubao kunuswa akaniinulia mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Akaunusa pande zote mbili?" Pande zote mbili, mama. Akakaa kimya kitambo. Kisha akachukua kikombe, akamimina kidogo, akachovya mkate, akaonja. Akakohoa kama nilivyokohoa mimi.

Alipotulia akaniuliza: "Na wewe ulimpa nini?"

Nikasema nilimshukuru.

"Nakuuliza ulimpa nini."

Sikuwa na jibu. Mfukoni siku ile nilikuwa na kalamu mbili, kitambaa safi, na pakiti ya iliki ambayo yeye mwenyewe mama alinitilia kwenye begi nilipoondoka, ili nitie kwenye chai yangu melini. Iliki ile ilikuwa mfukoni mwa koti, nilikuwa nikiishika njia nzima. Sikuikumbuka. Jina la shamba sikuliandika, na meli msimu uliofuata ilipangiwa njia nyingine.

Mafuta yale aliyatumia mpaka Ramadhani, kidogo kwa mkate, mengi kwa magoti yake. Chupa hakunitajia tena. Alikuwa mtu ambaye pakiti ya siki hakuiingiza nyumbani kabla hajaisoma viungo vyake, nami sikumuuliza ameitupa wapi. Kumbe aliifunga tena kwa gazeti lile lile, kwa mikunjo ile ile, akaiweka nyuma ya mikebe ya unga, miaka yote hiyo, majirani wakiingia na kutoka.

Haya yote nilimweleza binti yangu tukiwa tumeketi chini katikati ya masufuria. Alinisikiliza, akaiinua chupa puani, akanusa mdomo wake, akasema haina harufu ya kitu. Kisha akaniuliza swali la kazi tuliyokuwa nayo: hii inakwenda kwa shangazi au inabaki?

Nikamwambia iweke kando kwanza.