Unaishi Hapa au Unalala Hapa?

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki. Mzee wa nyumba ya pili hapa Apach, kijiji chetu cha mpakani nchini Ufaransa, yule mwenye mizabibu ambaye nimekwisha kuwasimulia habari zake, alinikuta jioni nikifungua sanduku la barua, akanisalimu kwa adabu kama ilivyo kawaida yake, kisha akaniuliza: “Hivi wewe unaishi Apach, au unalala Apach tu?” Nikamjibu, “Nyumba yetu ndiyo hii, bwana.” Akasema, “Nyumba naiona.” Akanitakia usiku mwema, akaenda zake.

Wiki hii Baba Neema amepata ule mkataba wa kudumu tuliouombea sana, na mdogo wangu amejifungua salama kule Tanga, mtoto wa kiume, lakini mimi nimeshinda na kulala na lile “nyumba naiona”. Nimelirudia kazini nikiwalisha wazee uji wao wa asubuhi, nikalirudia ndani ya gari, na kila mara nikamtungia jibu jingine, moja la upole, moja la ukali, ambalo ningempa kabla hajanipa kisogo. Zaidi ya yote nimejiuliza kama angemuuliza hivyo jirani yetu wa mkabala, Mfaransa aliyehamia kutoka mji wa Nancy, ambaye huondoka kabla yangu na kurudi baada yangu.

Linaniuma kwa sababu lina chembe ya ukweli. Wengi wenu mnalijua jina la Schengen kutokana na fomu za viza, na wengine mmelilia machozi, ila kwangu mimi Schengen ni kijiji cha Luxembourg kilicho ng’ambo ya mto Moselle, ambako hupita kila siku nikienda kazini. Apach iko upande wa kulia wa mto, pamoja na Perl ya Ujerumani; kwa hiyo alfajiri natoka Ufaransa, naingia Ujerumani kabla redio haijamaliza kusoma muhtasari wa habari, navuka daraja, na tayari niko Luxembourg. Hapo mtoni, tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, wajumbe wa nchi 5 walitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Njia hiyo si wazi siku zote: Machi 2020, wakati wa korona, Ujerumani ilifunga mpaka, na tangu Septemba 2024 imerudisha ukaguzi, hata asubuhi nyingine nasimama nyuma ya taa nyekundu za magari nikihesabu dakika za zamu yangu.

Siko peke yangu. Zaidi ya watu 100,000 wanaoishi Ufaransa wanafanya kazi Luxembourg, kwa sababu viwanda vya chuma vya Lorraine, eneo letu hili la Ufaransa, vilikufa kimoja baada ya kingine na mishahara ya ng’ambo ni minono. Kodi ya mapato hukatwa kule kule tunakofanyia kazi. Vijiji vya Ubelgiji hupata fungu lao kutoka Luxembourg, ila vya Ufaransa vimekuwa vikilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba havipewi fungu kama hilo, ilhali barabara na shule tunazotumia ni zao. Naona ni dhuluma, na nitaendelea kulisema hili hata kama mshahara wangu unatoka huko huko. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa hapa akituona tunaondoka gizani na kurudi gizani, ana haki ya kuuliza tunakiachia kijiji nini.

Naye mzee huyu si mtu wa kuuliza ovyo. Eneo hili lilichukuliwa na Ujerumani mwaka 1871, likarudi Ufaransa 1918, likachukuliwa tena 1940. Yeye alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni Septemba 1939, wakati wakazi wa vijiji vya mpakani walipohamishwa kupelekwa magharibi mwa Ufaransa, ambako baadhi ya wenyeji waliwaita Wajerumani kwa sababu ya lahaja yao. Kuanzia Agosti 1942 vijana wa wilaya yetu, inayoitwa Moselle kama mto, waliingizwa kwa nguvu katika jeshi la Ujerumani, na kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao. Hakurudi. Ndiyo maana minara mingi ya kumbukumbu ya vita katika wilaya hii imeandikwa “Kwa wafu wetu” bila kutaja nchi waliyoifia.

Jumamosi nilimpeleka Neema kwenye malango ya maji ya mtoni, yanayopandisha na kushusha vyombo, kutazama matishari, na mzee alikuwa amesimama pale, mikono nyuma. Tishari la vyuma chakavu liliingia polepole, pengo kati ya ubavu wake na ukuta halitoshi hata mtu kupita, malango yakafungwa nyuma yake, maji yakaanza kupanda kimya kimya. Dirisha la nahodha, lenye pazia la maua, lilipofika usawa wa macho yake, Neema alipiga makofi. Mzee akamtazama, kisha akaniuliza, “Huyu ataanza shule wapi mwezi wa tisa?” Nikasema, “Hapa.” “Hapa kijijini?” “Hapa kijijini.”

Uso wake ulikunjuka. Akanieleza kwamba idadi ya watoto ikipungua darasa hufungwa, na kwamba amekuwa akipita kwa majirani, akiwamo yule wa kutoka Nancy, kwa sababu baadhi ya wazazi huwapeleka watoto karibu na kazi zao. Sikumkumbusha Jumanne, naye hakuitaja. “Nyumba naiona” bado linanichoma kidogo, lakini nilirudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nayo wiki nzima, nikajaza fomu ya Neema usiku ule ule, na Jumatatu nitaipeleka mwenyewe ofisi ya meya kabla ya zamu ya mchana.

Sasa kinachoninyima usingizi ni Mama. Alhamisi anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kaka anayetakiwa kumpeleka hapokei simu tangu asubuhi. Sukari yake ilikuwa juu wiki iliyopita, na daktari amesema isiposhuka hatamgusa.