Niliingia chama cha wenyewe

Hii stori ni ya Nakuru, 2019, Februari, msimu wa mayunifomu ukiwa umeisha na kiosk imetulia. Mimi ni fundi wa nguo, na kuna fundi ambaye asubuhi hawezi kuingiza uzi kwa sindano mpaka apige kakwota ka pombe kwanza, basi huyo fundi nilikuwa mimi, natoa loki, ile hangova ya jana, kabla jua litoke watoto wakidhani naweka maji ya chai. Kazini chupa ilikuwa inakaa ndani ya mkebe wa vifungo.

Aliyeninasa ni kastoma, sista wa hospitali, alikuja kupimwa nguo na tepu ikawa inatetemeka shingoni mwake, akanishika mkono tu, hakuhubiri. Akaniambia usithubutu kuacha ghafla ukiwa peke yako kwa nyumba, mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaweza kukuletea kifafa, unaweza hata kuanza kuona vitu havipo, nenda hospitali kwanza wakuangalie. Nikaenda, nikapewa dawa, hiyo wiki ilikuwa mbaya naipita.

Halafu nikapiga 1192, ile laini ya NACADA, shirika la serikali la mambo ya pombe na dawa za kulevya, ni ya bure na wanashika saa yoyote. Nikaelezwa mambo ya rihabu, nyingi ni siku 90, na mimi najiuliza nani atabaki na watoto na nani ataketi kwa cherehani siku hizo zote. Nilitaka mahali mtu anaenda halafu jioni anarudi kupika. Sista akaulizia kwa watu wake akaniambia kuna kikundi cha AA, walevi wanaotaka kuacha wanakutana kusaidiana, Jumamosi saa nane, vyumba vya nyuma ya kanisa fulani huko Section 58. Nilifurahia sana hapo penye ni mbali, mimi nakaa Kaptembwo, nikajua huko hakuna mtu nimemshonea hata sketi. Bado nikajifunga leso mpaka kwa nyusi na miwani nyeusi juu, bahati nzuri vumbi ilikuwa ile ya Nakuru ya kiangazi so hakuna mtu aliniuliza.

Nafika kwa kiwanja napata mlango mmoja uko wazi, akina mama wameketi raundi, thamosi ya chai iko hapo. Karibu dada, keti. Wakaomba. Mmoja akasema kwa uchungu, "Wiki hii nimeshindwa kabisa, nisameheni," wengine wakamjibu pole, wiki ijayo utajaribu tena, na mimi moyoni nasema ndio hawa, nimefika. Ikafika kwangu. "Na wewe mamii, umeletwa na nani?"

Nikasimama. Nikataja jina, nikasema mimi ni fundi, pombe imenishinda, nimejaribu kuacha nikashindwa na leo nimekuja mnisaidie. Yote hiyo kwa pumzi moja, kitu sikuwa nimewahi kumwambia hata mamangu.

Kimya. Mama mmoja mwenye kitabu kikubwa cha mistari akanitazama juu ya miwani. "Pole sana mum. Lakini hapa ni chama. Tunachanga mia tano mia tano."

Mmoja akaangua kicheko, wengine wakamkanya. Simlaumu, hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu kwa matatu. Shosho aliyekuwa mwenyekiti akainuka akanishika mkono vile mtu anashika mtoto akivuka barabara, "Twende, watu wako wako ule mlango wa bluu," akanibishia hodi mwenyewe kisha akarudi kwa pesa zake.

Huko ndani wengi wanaume, wanawake wawili, wanasoma zile hatua 12 za AA za kuacha pombe kwa zamu. Hakuna aliyeuliza nimeletwa na nani. Ni jina moja tu, hakuna kiingilio, kikapu cha kuchangia chai kinapita na mgeni anaambiwa akiache kipite, kinachotakiwa ni uwe unataka kuacha, basi. Mzee aliyeongoza akasema hii kitu ilianzishwa Marekani 1935 na walevi wawili, mmoja wao daktari wa upasuaji, na dawa yao ilikuwa mlevi kuongea na mlevi mwenzake. Akaniambia kwa upole, leo si lazima useme chochote.

Nikamwambia nimeshasema, hapo jirani.

Walicheka mpaka mmoja akatoa machozi. Baada ya hapo sikuwa na kitu cha kuficha, nikatoa stori ya mkebe wa vifungo, mama mwingine akasema yeye chupa yake ilikuwa inakaa ndani ya unga, tukaangaliana tu. Watu husifu ile siri ya AA, na ni kweli hao hawatoboi, lakini mimi nadhani kilichonisaidia siku hiyo ni kuumbuka mapema, ile aibu niliyokuwa nimeibeba na matatu mbili iliishia kwa mlango wa kwanza.

Tukitoka nikampata yule wa kicheko amesimama kwa geti, chama chao kimeisha kitambo.

"Fundi, hao huchukua wanaume?"

"Ndio wengi."

"Na hawalipishi?"

"Hawalipishi."

Akafikiria. "Wangu nikimwambia ni mambo ya pombe hatakuja. Nimwambie ni chama?"

Nikamwambia amwambie vile anataka, bora aingie mlango wa bluu.