Saa 15 angani: nilivyomhesabia Mama safari ya Nairobi hadi New York

Mdogo wangu alipomkatia Mama tiketi ya kuja kututembelea mwezi wa Januari, alinipigia simu akiwa na furaha: ndege ingeondoka Nairobi saa 23:25 na kutua New York saa 06:25, kwa hiyo Mama angekaa angani saa 7 tu. Nilimweleza kwamba tiketi huandika saa za kila mahali kivyake, na kwamba majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8; ukijumlisha unapata 15. Tungelicheka yakaisha, lakini Mama anameza dawa ya shinikizo la damu kila baada ya saa 12.

Kwa kuwa sikutaka kubahatisha, nilichukua tufe la dunia la mwanangu na uzi wa kushonea. Mzingo wake penye ikweta ulikuwa sentimita 79, badala ya kilomita 40,000 hivi za dunia yenyewe, na uzi niliouvuta kutoka Nairobi hadi New York ukawa sentimita 23 na nusu, yaani karibu kilomita 11,900. Hesabu kamili ni takriban 11,840. Si haba kwa uzi wa cherehani. Kilichonishangaza zaidi ni njia. Kwenye ramani ya ukutani mstari ulionyooka hupita Burkina Faso na Mali, ilhali juu ya tufe uzi ulikata Sudan Kusini, Chad na jangwa la Algeria, ukaingia Atlantiki kupitia Moroko.

Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, umbali huo huhitaji saa 13 na kidogo. Muda unaobaki huliwa na kuzunguka uwanjani, kupaa, kushuka na, zaidi ya yote, upepo wa mbisho, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana Kenya Airways ilipoanzisha safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ilipangiwa saa 15 kwenda na 14 kurudi.

Daktari wa Mama alikubali kwamba ameze dawa kwa saa za Nairobi hadi afike, nami nikamwandikia karatasi: saa tatu usiku, uwanjani kabla ya kupanda; saa tatu asubuhi, ndani ya ndege; saa tatu usiku tena, nyumbani kwetu, ambako itakuwa saa saba mchana. Nilimsihi asiiguse saa yake ya mkononi. Nilimwonya pia kwamba dozi ya pili itamkuta karibu na visiwa vya Azores kukiwa bado giza, kwa kuwa ndege iendayo magharibi hukimbia pamoja na usiku, na Januari alfajiri huchelewa kule.

Hata hivyo alisita. Alinisimulia kwamba alifunua dirisha, akaona giza totoro, akamuuliza jirani yake saa mara mbili, ndipo akameza. Alipotoka forodhani, kabla hata hajaniitikia shikamoo yangu, alinionyesha ile karatasi: mstari wa pili umetiwa alama ya kalamu, na saa yake mkononi ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.