Barafu ya Baba

Nimekulia Kilema, jirani na Marangu. Asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, ukifungua mlango wa jiko unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa pale juu, nyeupe. Hatukuiita theluji. Theluji lilikuwa neno la kitabu cha jiografia. Nyumbani ile ilikuwa barafu tu, jina lile lile la barafu za ukwaju tulizonunua nje ya shule. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mara ya kwanza, tarehe 11 Mei 1848, mwongozaji wake aliitaja kwa neno moja: baridi. Nampenda sana yule mwongozaji. Siku niliyoigusa mimi, nikiwa na miaka 31, neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa hilo hilo.

Wala sikuigusa nyumbani. Niliigusa Scotland, kwenye mlima Ben Lomond, mwanzoni mwa Februari 2018.

Baba yangu alikuwa mpagazi wa njia ya Marangu kwa miaka kumi na tisa. Wao huitana wagumu. Alibeba mizigo ya wageni kutoka getini hadi Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo Hut, kwenye mita 4,700 hivi, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Usiku wa manane wageni huondoka na waongozaji kwenda kileleni, wagumu hubaki kambini. Miaka yote ile Baba hakuwahi kufika Uhuru. Na sisi wanawe hatukuwahi hata kuvuka geti la hifadhi. Mlima ulikuwa mahali pa kazi pa Baba, nani aende kutembea kazini kwa baba yake?

Aliyenipeleka Ben Lomond ni muuguzi mwenzangu wa Glasgow, mama aliyekaribia kustaafu, aliyeanza kupanda milima ya kwao tangu mdogo. Aliposikia natoka chini ya Kilimanjaro na sijawahi kukanyaga theluji ya mlimani, alinyamaza kidogo, kisha akauliza siku yangu ya mapumziko ni lini. Jioni ya kuamkia safari alikuja kwangu akamwaga begi langu lote kitandani. Fulana za pamba akaziweka kando, na suruali ya jinzi pia. Pamba ikilowa jasho haikauki, alisema, inakunyonya joto hadi ndani. Akanipa nguo za sufu, shoka la barafu na vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti. Buti zenyewe, ngumu kama ubao, nilikuwa nimezikodi. Akaweka na sharti: ikifika saa saba mchana tunageuka, hata kama kilele kiko hatua hamsini mbele. Februari kule jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa mtu aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, hesabu hiyo inatisha.

Tulianza saa tatu asubuhi pale Rowardennan, ukingoni mwa Loch Lomond. Kilele kiko mita 974 tu, lakini ziwa liko karibu usawa wa bahari, kwa hiyo mlima karibu wote unaupanda kwa miguu yako. Msituni kulikuwa na matope na majani yaliyooza. Halafu tukapita geti dogo, miti ikaisha, na weupe ukaanza.

Nilisimama. Nilivua glavu nikaichota. Nilitarajia kitu kama kile cha kwenye friza, kigumu, chenye maji. Hii ilikuwa kavu, nyepesi, na nilipoifumbata ililia. Kabisa, ililia, kama unga wa muhogo unapouminya ndani ya mfuko. Chini ya buti ilikuwa inalia vivyo hivyo, kila hatua. Baba hakuwahi kuniambia kwamba barafu ina sauti.

Kabla ya mahali penye mwinuko mkali yule mama alinifundisha kuanguka. Ukiteleza, geuka ulalie kifua, lizamishe shoka karibu na bega, uliegemee kwa uzito wako wote, na miguu uiinue, maana vile vyuma vikinasa vitakupindua. Tulirudia mara nane au tisa kwenye kiteremko kisicho na hatari, hadi mwili wangu ukawa unageuka wenyewe. Ndipo tukafunga vyuma na kupanda. Njia yenyewe ilikuwa imefukiwa, tukawa tunachimba ngazi kwa ncha za buti. Nilikuwa nahema vibaya. Likanijia lile neno la Baba, polepole, alilokuwa akitwambia hata tulipokuwa tukitoka kuchota maji, nikaanza kulihesabia hatua.

Karibu na mgongo wa mlima kamba ya buti ililegea. Nikavua glavu ya kulia niikaze, nikaibana kwapani, na upepo ukaichukua. Niliiona ikibingirika mara mbili, basi. Nadhani hazikupita dakika tatu kabla vidole havijawa vyeupe kama nta. Sikuvisikia. Nilijaribu kuvikunja vikakataa. Yule mama hakusema neno. Alifungua koti lake, akaushika mkono wangu akauingiza kwapani mwake, kwenye ngozi, akaubana pale huku upepo unatupiga wote wawili. Damu iliporudi ilikuwa kama vidole vimetiwa kwenye makaa. Nililia kwa sauti.

Bibi alizoea kusimulia habari za watu waliotumwa na Mangi Rengua, chifu wa Machame, wakaichunguze ile nyeupe ya mlimani, na aliyerudi akarudi mikono na miguu imeharibika. Nilikuwa naichukua kama hadithi za jioni. Pale mlimani nilimkumbuka Baba anavyoshika kikombe cha chai, kwa viganja viwili, kama mtoto. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havihisi moto. Nilikuwa nikiona hivyo tangu nina akili, na sikuwahi kumwuliza.

Nilivaa glavu za akiba za yule mama, na saa sita na dakika arobaini tukafika. Nguzo ya kileleni ilikuwa imeota manyoya ya barafu, marefu kama kidole, yote yakielekea upepo unakotoka. Upande wa kaskazini theluji ilikuwa imejijenga kama upenu uliotokeza hewani, chini yake hakuna kitu. Nilikatazwa kabisa kusogea. Ukungu ulifunguka kwa muda mfupi sana. Nikaliona ziwa na visiwa vyake, jeusi, mbali kule chini, halafu tukafunikwa tena. Tulikunywa chai tumesimama, tukageuka.

Kwenye gari nilipiga simu nyumbani. Kwao ilikuwa saa mbili usiku imepita. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mzigo wangu ulikuwa kilo ngapi.

"Kama sita, Baba."

"Aliubeba nani?"

"Mimi mwenyewe."

Akakaa kimya. Nikamwuliza habari za vidole vyake. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba safari zake za kwanza alikwenda na katambuga, viatu vya matairi, na soksi alizokuwa akizivaa mikononi alipewa na mgeni mmoja siku ya kushuka. Safari iliyoharibu vidole ilikuwa kabla ya hizo soksi. Hakutaka kuendelea na habari hiyo.

"Hizo buti zimelowa?" akauliza.

"Zimelowa sana."

"Usiziweke karibu na moto, ngozi itapasuka. Tia magazeti ndani, usiku ubadilishe mara moja."

Nilibadilisha mara mbili.